Kulainisha difu ya gari la rimoti: mafuta ndani, girisi nje

Difu ya gari la rimoti, yaani kifurushi cha gia kinachogawa nguvu kwa matairi na kuyaacha yazunguke kwa kasi tofauti, ina sehemu mbili za kulainisha, na sehemu hizo hazitaki kitu kimoja. Ndani ya kopo la difu, zilikojificha gia ndogo za koni, panatiwa mafuta ya silikoni ya uzito maalumu (uzito wa mafuta hapa ni mnato wake, si gramu). Nje ya kopo, pale pinioni (gia ndogo inayoleta nguvu ya mota) inapoumana na krauni (gia kubwa iliyofungwa kwenye kopo), panapakwa girisi. Anayetia girisi pote, au anayemimina mafuta ya silikoni kwenye krauni akidhani amelainisha, huishia na difu inayovuja, inayopiga kelele au iliyolika meno.

Sababu ni hii. Mafuta ya silikoni hayalindi vizuri chuma kinachosuguana na chuma chini ya mgandamizo mkubwa, kwa kuwa utando wake hukatika upesi. Yamewekwa ndani ya difu hasa kwa kazi ya kukaba. Gari likikata kona, tairi la nje huzunguka haraka kuliko la ndani, na gia za koni hulazimika kusukuma mafuta ili zipishane. Mafuta yakiwa mazito, kupishana huko hupata upinzani, na nguvu haikimbilii yote kwenye tairi lililoinuka hewani. Gari likienda moja kwa moja, gia hizo hazipishani kabisa. Zinazunguka pamoja na kopo kama kitu kimoja. Ndiyo maana ulinzi mdogo wa silikoni unazitosha. Krauni na pinioni hazina raha hiyo: zinasuguana kila sekunde gari linapotembea, zikibeba nguvu yote ya mota. Hapo panahitajika girisi inayong'ang'ania jino na kustahimili mgandamizo.

Silikoni ina sifa nyingine mbili zinazoipa nafasi ndani ya kopo. Haili wala kuvimbisha oringi (pete za kuziba) za kawaida za mpira wa nitrili, na uzito wake haubadiliki sana kwa joto ukilinganisha na mafuta ya petroli. Haubadiliki sana, lakini hubadilika. Namba iliyoandikwa kwenye chupa imepimwa kwa nyuzi 25 za Selsiasi. Difu ikifika nyuzi 60, mnato wa mafuta hushuka hadi karibu nusu.

Ijue difu yako kwanza

Inua gari, shika gia kubwa inayoendeshwa na mota isizunguke, kisha zungusha tairi moja kwa mkono. Tairi la upande wa pili likizunguka kinyume, difu inafanya kazi. Likizunguka upande uleule au likakataa, difu imefungwa, kama ilivyo kwa magari mengi ya kupanda mawe. Hiyo haina mafuta ndani na inahitaji girisi ya nje tu. Kwenye gari la magurudumu manne lenye difu ya katikati, jaribio hili huchanganya kidogo kwa sababu nguvu hupita pia kwenda mbele au nyuma, kwa hiyo shika na shafti ndefu inayoingia kwenye difu unayoipima.

Difu za gia ziko za aina mbili. Ya kwanza imezibwa: ina oringi pale shafti fupi zinapotokea, na gasketi ya karatasi kati ya kopo na krauni. Hii ndiyo inayotiwa mafuta. Ya pili haijazibwa. Mfano unaojulikana ni difu ya gia inayokuja na Tamiya TT-02: ukiitia mafuta ya 5000 (namba ya mnato, imeelezwa hapa chini), baada ya muda mfupi yatakuwa yametapakaa ndani ya kasha lote la gia. Difu ya namna hii hupakwa girisi nzito inayonata, au ile nta ya silikoni ya namba kubwa sana inayokaa kama ulimbo. Tia kiasi cha kujaza mabonde ya meno na mapengo kati ya gia, usifinyange hadi kopo lisifungike.

Aina ya tatu ni difu ya gololi, ambayo haina gia za koni kabisa. Hiyo ina masharti yake na imeelezwa mwishoni.

Namba kwenye chupa

Mafuta ya difu hupimwa kwa sentistoksi, cSt kwa kifupi. Maji ya nyuzi 20 ni karibu cSt 1. Mafuta ya 1000 bado yanamiminika bila shida, ya 5000 yanashuka taratibu kama asali, ya 100,000 yanajivuta, na ya 500,000 kwenda juu yanachotwa zaidi kuliko yanavyomiminwa. Herufi K kwenye chupa ni elfu: 7K ni 7000.

Usichanganye namba hizi na zile za mafuta ya shokapu zenye herufi wt. Mafuta ya shokapu ya 30wt huwa karibu cSt 350, na namba za wt hazilingani kutoka chapa moja hadi nyingine. Ukiyatia kwenye difu inayotaka 5000, ni kama hujatia kitu.

Kwa bagi (gari la kukimbilia vumbini) ya 1/8, yaani sehemu ya nane ya ukubwa wa gari halisi, ya injini ya nitro au ya umeme, mahali pazuri pa kuanzia ni 5000 mbele, 5000 hadi 7000 katikati, 3000 nyuma. Mpangilio huo umekuwa wa kawaida kiasi kwamba watu huutaja kwa tarakimu tatu tu: 5-5-3, 5-7-3, 7-7-3. Bagi ya 1/10 ya magurudumu mawili ya kuvuta huanzia 3000 hadi 7000 nyuma. Gari la lami la 1/10 lenye magurudumu manne mara nyingi hufungwa mbele na kupewa 3000 hadi 10,000 nyuma, kutegemea mshiko wa uwanja. Magari ya matairi makubwa ya kurukia yanataka mafuta mazito zaidi katikati, 20,000 hadi 100,000 na zaidi, kwa sababu tairi zito likipaa hewani hunyonya nguvu yote kwenye difu nyepesi. Kijitabu cha gari lako kikisema tofauti, anza na kijitabu.

Ukikosa namba uliyoitaka unaweza kuchanganya chupa mbili za chapa moja, lakini hesabu yake si ya wastani wa kawaida. Nusu ya 3000 na nusu ya 7000 hutoa karibu 4600. Nusu ya 1000 na nusu ya 10,000 hutoa karibu 3200, wala si 5500. Kanuni ni kuzidisha namba mbili na kutafuta kipeuo cha pili. Mafuta mepesi huwa na sauti kubwa kwenye mchanganyiko kuliko unavyotarajia, na wengi wanaolalamika kwamba mchanganyiko wao ni maji wamekosea hapo.

Kufungua na kusafisha

Andaa bisibisi za Allen za milimita 1.5, 2 na 2.5 zenye ncha isiyolika, sahani ya kuwekea skrubu, tishu, mswaki wa zamani, oringi mpya, gasketi mpya na mizani inayosoma sehemu ya kumi ya gramu. Kama bisibisi inacheza ndani ya kichwa cha skrubu, usiendelee nayo. Skrubu za difu hukazwa sana na kichwa kikishaviringika kazi inakuwa ya kuchimba. Skrubu zilizotiwa gundi ya nyuzi (ile inayozuia skrubu kulegea) zipashe kidogo kwa pasi ya kuchomelea risasi kabla ya kuzifungua, lakini usifanye hivyo kwenye kopo la plastiki.

Safisha nje ya kasha la gia kabla hujalifungua. Mchanga unaoingia wakati wa kufungua ni hatari sawa na ule unaoingia gari likiwa mbioni.

Ukitoa difu, tazama washa nyembamba zilizo kati ya beringi na kasha. Andika ziko ngapi kushoto na ngapi kulia. Ndizo zinazoamua krauni inaumana vipi na pinioni, na ukizibadilisha upande utabadilisha umbali huo bila kujua. Kisha fungua skrubu zinazoshika krauni (nne kwenye difu nyingi), ukilegeza kwa msalaba, kidogo kidogo. Krauni ikinata, usiibandue kwa kisu. Zungusha shafti yake kwa mkono huku ukivuta, gasketi itaachia.

Ndani utakuta gia mbili kubwa za pembeni, gia ndogo nne kwenye pini za msalaba (au mbili kwenye pini moja), pini ndogo inayopita kila shafti fupi, na washa nyuma ya gia za pembeni. Toa zote na uzipange kwa mpangilio uleule.

Kuosha ndiko kunakosumbua wengi. Pombe ya kusafishia vifaa haiyeyushi vizuri mafuta mazito ya silikoni. Inayasukuma tu kutoka sehemu moja hadi nyingine. Futa kwanza kwa tishu mpaka yabaki kidogo, kisha osha vyuma kwa mafuta ya taa, halafu maji ya vuguvugu yenye sabuni ya vyombo, halafu kausha. Weka mafuta ya taa mbali na moto na mbali na bodi ya gari. Bodi hizo ni za polikaboneti na vimiminika vingi vya kusafishia huzipasua. Oringi zisilowekwe humo, na kama utaweka mpya hazina haja ya kuoshwa.

Vitu vya kukagua ni vichache ila vitazamwe kwa makini. Meno ya gia ndogo yakiwa na ncha kama kisu, yamekwisha. Pini za msalaba zikiwa na mfuo unaokamata ukucha, badilisha pini na gia zake pamoja, maana gia mpya kwenye pini iliyolika hukaa upande. Tazama tundu la pini kwenye shafti fupi: kingo zake zikiwa kali zitakata oringi kila unapopitisha shafti. Zilainishe kwa msasa wa 1000 na uioshe shafti tena. Mwisho angalia shingo ya shafti pale oringi inapokaa. Ikiwa na mikwaruzo ya kuzunguka, hakuna oringi itakayoziba hapo kwa muda mrefu.

Kuunga na kujaza

Paka oringi girisi kidogo ya silikoni, kiasi cha kung'aa tu. Iweke kwenye nafasi yake, halafu ingiza shafti fupi kutoka nje ukiizungusha taratibu badala ya kuisukuma moja kwa moja. Weka washa, kisha pini, kisha gia ya pembeni ikalie pini vizuri. Izungushe: inapaswa kukaza kidogo kwa ajili ya oringi, lakini bila kukwaruza. Fanya hivyohivyo kwa shafti iliyo upande wa krauni.

Weka gia ndogo na pini za msalaba ndani ya kopo, zungusha gia ya pembeni, na uhakikishe zote zinatembea kabla ya tone la kwanza la mafuta. Kasoro iliyomezwa na mafuta mazito ni vigumu kuihisi.

Pima uzito wa kopo likiwa kavu. Mimina mafuta hadi nusu, zungusha gia polepole mizunguko kadhaa ili hewa iliyonaswa chini itoke, kisha ngoja. Ongeza mpaka mafuta yafunike pini za msalaba na kufikia karibu mgongo wa juu wa gia ndogo, yakibaki chini ya ukingo kwa milimita moja hivi. Nafasi hiyo ni ya lazima. Gia ya pembeni iliyo upande wa krauni nayo itazama na kuyapandisha mafuta, na joto litayatanua. Kopo lililojazwa hadi ukingoni hutengeneza shinikizo, na shinikizo hilo hupita palipo dhaifu, yaani kwenye oringi. Kwa upande mwingine, kopo lililojaa nusu huchapa mafuta na hewa pamoja, na difu inabadilika tabia kadiri betri inavyoendelea.

Mapovu yanahitaji subira. Mafuta ya 5000 huachia mapovu kwa dakika 10 hadi 15. Ya 100,000 yaache usiku kucha, kopo likiwa limefunikwa vumbi lisiingie. Unaweza kuharakisha kwa kusimamisha chupa iliyofungwa kwenye maji ya moto kabla ya kumimina. Mafuta yakilegea hubeba hewa kidogo. Mwenye pampu ya kunyonya hewa ya shokapu aitumie hapa pia, ila anyonye kwa hatua, kwani mapovu yakipanda kwa pamoja mafuta humwagika nje ya kopo.

Baada ya mapovu kuisha, pima tena na uandike tofauti ya uzito. Namba hiyo ndiyo itakayokuwezesha kuijaza difu vilevile safari ijayo. Macho hukosea kwa urahisi robo ya gramu, na kwenye kopo dogo la 1/10 robo ya gramu inahisika.

Futa ukingo wa kopo uwe mkavu, weka gasketi mpya, shusha krauni, na uzungushe shafti yake hadi gia ziumane. Usiilazimishe kushuka kwa kukaza skrubu. Kama haijakaa, jino limekaa juu ya jino. Kaza skrubu kwa msalaba katika awamu tatu. Kopo la plastiki linataka skrubu ikaze mpaka ikatae kwa nguvu ya vidole viwili, basi. Kwenye kopo la chuma tia tone la gundi ya nyuzi ya nguvu ya kati. Gundi hiyo isiguse plastiki, kwa sababu baadhi ya plastiki hupasuka ikipakwa.

Zungusha shafti mbili kwa vidole, moja mbele nyingine nyuma. Inapaswa kuwa nzito kwa usawa kote, bila sehemu inayogoma na bila sehemu inayoachia ghafla. Ilaze difu ubavu juu ya tishu kavu usiku mzima, geuza, rudia. Doa likitokea, utaona ni upande gani kabla hujalifunga gari zima.

Krauni na pinioni

Girisi ya lithiamu yenye molibdenamu ni chaguo zuri kwa krauni na pinioni za chuma. Gari linalopita kwenye maji na matope lipewe girisi isiyosombwa na maji, ile inayotumika kwenye mashua. Krauni ya nailoni au asetali haihitaji molibdenamu; girisi nyeupe ya lithiamu au yenye PTFE inaitosha.

Kiasi kinachotakiwa ni kidogo kuliko watu wanavyopaka. Tumia mswaki au kijiti kujaza mabonde ya meno kuzunguka krauni yote, zungusha mara kadhaa, kisha toa mabonge yaliyosukumwa pembeni. Bonge halimlindi mtu: kwa kasi ya kwanza tu linatupwa kwenye kuta za kasha na kubaki huko. Kasha likishindiliwa girisi tele, mota inafanya kazi ya kukoroga.

Kisha angalia mchezo, yaani nafasi kati ya meno ya krauni na ya pinioni. Rudisha washa kama zilivyokuwa, funga kasha, shika pinioni isitembee na utikise krauni kupitia shafti. Usikie mlio mdogo sana wa jino kugusa jino. Kusiposikika kitu na mzunguko ukawa mzito, gia zimebanana. Zitapata joto na kulika upesi. Mchezo ukiwa mkubwa, meno yataruka siku gari litakapotua likiwa na moto kamili. Hamisha washa moja ya milimita 0.1 au 0.2 kutoka upande mmoja wa difu kwenda mwingine, jaribu tena. Pima kwa mzunguko mzima wa krauni, si sehemu moja, maana krauni nyingi hazina duara kamili na huwa na mahali panapokaza zaidi. Weka mchezo kwa kufuata mahali hapo.

Gia kubwa ya mota na pinioni yake, kama ziko wazi, usizipake girisi. Mchanga hunata juu yake na kuigeuza msasa. Ziache kavu.

Beringi za difu zioshwe na kutiwa tone la mafuta mepesi ya beringi. Ikizunguka kwa kukwaruza hata baada ya kuoshwa, itupe. Beringi iliyochoka huiacha krauni itembee upande na kuharibu washa zote ulizopanga kwa taabu.

Mambo yanayoharibika

Kuvuja ndiko malalamiko makuu, na karibu kila mara chanzo ni kimoja kati ya vitu vichache: gasketi iliyotumiwa mara ya pili, oringi iliyochanwa na tundu la pini, kopo lililojazwa kupita kiasi, au skrubu zilizokazwa upande mmoja kwanza. Mafuta yakionekana kwenye mstari wa krauni, lawama ni ya gasketi au skrubu. Yakionekana kwenye beringi, ni oringi au shafti.

Mafuta yaliyotoka ya kijivu chenye kumetameta yamebeba unga wa chuma. Kwa difu mpya hilo ni la kawaida, kwa sababu gia zinajilainisha zenyewe mwanzoni. Badilisha mafuta baada ya betri 4 au 5 za kwanza. Likijirudia kwenye difu iliyozoea, gia au pini inaliwa.

Mlio wa tak-tak unapovuta triga (kitufe cha mwendo kwenye rimoti) gari likiwa limenyooka hutoka kwenye krauni na pinioni. Mlio unaotokea kwenye kona tu hutoka ndani ya kopo. Utofauti huu unaokoa muda mwingi wa kufungua vitu visivyo na kosa.

Matairi ya mbele yakivimba na kupanuka kama puto unapovuta triga kwa ghafla, huku nyuma kukisukuma kidogo, difu ya katikati imekauka au mafuta yake ni mepesi mno. Difu iliyokuwa nzuri kisha ikawa ngumu baada ya kuungwa upya huwa na washa iliyozidi, pini iliyokaa upande au kopo lililojaa sana. Usitegemee italegea yenyewe.

Mafuta ya injini, mafuta ya kupikia na jeli ya petroli hayana nafasi ndani ya kopo lililozibwa. WD-40 nayo si mafuta ya difu. Ni nyepesi mno, inasomba girisi iliyokuwepo, na kinachobaki baada yake ni utando usioweza kubeba mzigo.

Kubadilisha uzito ili kubadilisha gari

Badilisha difu moja kwa wakati, na kwa hatua inayohisika: kutoka 5000 kwenda 7000, si kwenda 5500.

Mbele, mafuta mepesi hulifanya gari liingie kona kwa urahisi unapoachia triga, lakini yakiwa mepesi sana usukani unakuwa na papara. Mazito hutuliza gari linapoingia kona na kulivuta vizuri linapotoka likiwa na moto. Nyuma, mepesi hutoa mshiko wa ubavuni katikati ya kona. Mazito husukuma mbele vizuri lakini mkia hukimbia mapema unapotoka na triga. Katikati, mazito hutoa nguvu ya kuchomoka na kufaa penye mshiko mwingi. Mepesi huacha sehemu ya nguvu ipotee kwenye matairi ya mbele, jambo ambalo penye utelezi ni msaada kwa dereva.

Difu ya gololi

Hapa masharti yanageuka, kwa kuwa difu hii inategemea msuguano. Gololi, nyingi zikiwa za milimita 2.4, zimekaa kwenye matundu ya gia na kubanwa na pete mbili za chuma. Girisi inayotakiwa kwenye gololi hizo kubwa ni ya silikoni ya difu, ile angavu. Ukipaka ya molibdenamu hapo, difu itateleza na kuziunguza pete. Girisi nyeusi ya molibdenamu inakwenda mahali pamoja tu: beringi ndogo ya msukumo iliyo chini ya skrubu.

Pete zilizotumika zina mfereji. Zigeuze upande wa pili, au zisugue kwa msasa wa 600 uliolazwa juu ya kioo, ukichora umbo la 8 mpaka mng'ao uwe sawa kote. Osha, kausha, usiziguse tena kwa vidole vyenye mafuta. Girisi kidogo nyuma ya kila pete huishikilia kwenye nafasi yake. Tia tone kwenye kila tundu, ingiza gololi, funga.

Kaza skrubu taratibu huku ukizungusha difu, mpaka springi ibanwe hadi mwisho, kisha rudisha moja ya nane ya mzunguko. Shika tairi moja, endesha mota kwa kasi ndogo kwa nusu dakika, badilisha upande, kisha angalia ukazaji upya kwa sababu gololi huwa zimejitengenezea njia. Ikilia kama filimbi, gololi zinateleza au girisi imekwisha.

Pima hivi: zuia tairi la kulia na gia kubwa, kisha jaribu kuzungusha la kushoto. Lisikubali kwa urahisi. Halafu weka gari chini, shika matairi yote mawili ya nyuma na uvute triga kwa mkupuo mfupi. Klachi ya kuteleza ndiyo iwe ya kwanza kuachia. Difu ikiachia kabla yake, legeza klachi kidogo badala ya kuendelea kukaza skrubu ya difu, kwani springi yake imeshafika mwisho na nyuzi zitang'oka.